Unaomba Shule au Unaomba Msamaha?

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo kila nikiikumbuka najiona bado nimekaa kwenye kile kiti cha jikoni kwa Dada Perpetua, kule Carrollton, kitongoji cha Dallas, karatasi mkononi na uso umenishuka kwa aibu. Ilikuwa Jumamosi asubuhi, mwanzoni mwa hii miaka ya elfu mbili. Nilikuwa nimeshavuka arobaini. Usicheke. Najua wewe waiona arobaini kuwa uzee, lakini ukifika umri wangu wa leo utaitazama kama unavyomtazama mtoto wa jirani akienda shule na begi kubwa mgongoni: mbichi kabisa, na yenyewe haijui.

Mimi ni mzaliwa wa Voi, Mtaita, jina langu Wakio. Nilikuja Texas miaka ya tisini nikiwa muuguzi, na mume wangu Nyambu akanifuata na watoto. Tulipanga nyumba Grand Prairie, katikati ya Dallas na Fort Worth. Yeye alipata kazi kwenye ghala la vipuri, mimi nikaajiriwa katika nyumba moja ya kutunzia wazee upande wa Dallas. Hapo ndipo nilipokutana na Perpetua, Mbukusu wa Bungoma, muuguzi mwenzangu, aliyenizidi miaka kama kumi. Ndiye aliyenifundisha kuingia barabara kuu bila kufumba macho. Ndiye aliyenionyesha duka la kununua unga wa ugali na mahali pa kupata kadi nzuri ya kupigia simu nyumbani. Mtu mgeni akipata mtu kama huyo, hahitaji tena kuuliza Mungu yuko wapi.

Sasa utaniuliza, muuguzi na shule ya biashara wapi na wapi? Hata Nyambu aliniuliza hivyo. Acha nikueleze, maana mtu asiyejua anachokitaka hata akipewa hakitambui.

Katika ile nyumba ya wazee tuliletewa bibi mmoja Mkongomani, mkimbizi kutoka upande wa Uvira. Mjukuu wake alikuwa akiishi Vickery Meadow, kwenye yale majengo ya ghorofa yaliyojaa wakimbizi, na alikuja kumwona kila alipopata nafasi, lakini alikuwa akifanya kazi mbili. Bibi yule aliwekwa ghorofa ambayo si yangu. Wahudumu wa huko walisema anakataa chakula. Kila wakimwekea sahani, anaisukuma pembeni, anatikisa kichwa, na wao, wakiwa na wengine wengi wa kulisha, wanaiondoa. Akakonda. Daktari akaandika kwamba akili yake imeanza kupotea.

Siku niliyopelekwa kusaidia ghorofa ile, nilimkuta akisukuma sahani. Nikasikia akinung'unika, “Miye siwezi kula mbele ya kuomba.” Kwao, mwanangu, “mbele ya” ni “kabla ya.” Bibi hakuwa amekataa chakula. Alikuwa akikisogeza kando apate pa kuegemeza mikono aombe, na kabla hajasema amina, sahani imeshakwenda. Niliketi, nikaomba naye, akala. Alikula akilia, na mimi nikamlisha nikilia.

Nilikwenda kwa meneja. Sikumkuta mtu mbaya, alikuwa mtu mpole. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, “Nakuelewa, lakini idadi ya wahudumu na muda wa chakula hupangwa makao makuu. Hayo ni maamuzi ya kibiashara.” Bibi hakuishi sana baada ya pale. Mwili ulikuwa umeshachoka. Siku tuliyomvika sanda nilijiambia kwamba hao wanaopanga muda wa kula wamekaa mahali fulani, na mahali hapo pana lugha yake, na lugha hiyo inafundishwa. Nitakwenda kuisoma.

Ndiyo nikaanza kujiandaa. Nilitafuta shule yenye masomo ya wikendi kwa watu wenye kazi, nikapata moja huko Houston. Nikasomea ule mtihani wa kuingilia, mimi ambaye hesabu za herufi nilizipungia mkono nikiwa msichana wa shule Taita. Mtoto wangu wa kwanza alikuwa akinifundisha mezani, anashika kichwa, anasema, “Mum, we just did this one,” yaani hii tumeifanya sasa hivi. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, nami niliinama mbele ya mtoto niliyemzaa.

Ikabaki insha. Shule zile hutaka ujieleze wewe ni nani na kwa nini waje wakupe nafasi. Niliiandika kwa wiki nyingi, nikaibeba Jumamosi ile nimsomee Perpetua. Binti yake, Nekesa, ambaye wakati huo alikuwa akisoma chuo, alituwekea chai akaenda zake sebuleni. Nikasoma. Niliandika kwamba ingawa umri wangu umekwenda, bado naweza kujifunza. Kwamba ingawa sina uzoefu wa biashara, nitafanya bidii. Kwamba naomba nisihesabiwe miaka niliyokuwa nje ya masomo. Kazi yangu ya uuguzi niliitaja kwa mstari mmoja. Yule bibi wa Uvira sikumtaja kabisa, niliona ni mambo ya wodini, hayafai mbele ya wakubwa.

Nilipomaliza, Perpetua hakuinua macho. Alizungusha kijiko kwenye kikombe. Kisha akaniuliza, “Wakio, hapo unaomba shule au unaomba msamaha?”

Nikaitazama karatasi yangu.

“Hebu niambie, umekosea nini? Kuishi ni kosa? Ati ‘ingawa,’ ‘ingawa,’ ‘ingawa.’ Umewafumba macho wafu karibu miaka ishirini, umewazuia madaktari wasiue watu, halafu unakuja kujificha nyuma ya mstari mmoja kama mtoto aliyevunja sahani!”

“Dada, wale watakuwa na vijana wa benki, watu wa kampuni kubwa kubwa...”

“Basi wewe uende ukawe kijana wa benki?” Alininyang'anya ile karatasi, akaikunja mara mbili, akaiweka chini ya birika. “Anza upya. Na huyo bibi awe wa kwanza.”

Niliondoka pale nimekasirika, mwanangu. Wala sitakudanganya kwamba nilimshukuru. Kemeo la mkubwa ni kama dawa ya minyoo, utamu wake huujui mpaka tumbo litulie. Lakini niliandika upya, na nilipoandika habari za bibi yule na sahani, kalamu haikusimama.

Kabla sijaendelea, nikuambie jambo ambalo sikulijua siku ile. Perpetua mwenyewe alikuwa na hamu hiyo hiyo, na alikuwa nayo kunishinda. Tangu afike Texas alitaka kusomea biashara. Kila mwaka alijiambia mwaka ujao. Kwanza amlipie mdogo wake ada kule Kenya. Kisha amalize kumjengea mama yake. Kisha Nekesa aingie chuo. Kila sababu ilikuwa nzuri, na hilo ndilo linaloniuma, kwa sababu sababu mbovu mtu huweza kuicheka akaitupa, lakini sababu nzuri humla mtu taratibu huku akiishukuru. Wahenga walisema ngoja ngoja huumiza matumbo. Hawakusema ngoja ngoja hufanywa na wajinga tu.

Nilituma maombi. Majira ya baridi yakapita. Perpetua akaanza kulalamika mgongo, sote tukasema ni kazi, kuinua wagonjwa. Kisha macho yake yakawa manjano. Nilikuwa naye siku daktari alipoingia na majibu ya picha, na sisi wauguzi husoma uso wa daktari kabla hajafungua mdomo. Saratani ya kongosho, na ilikuwa imeshasambaa. Perpetua alimuuliza maswali mawili ya kitaalamu, kwa sauti ileile aliyokuwa akiitumia kuulizia majibu ya wagonjwa wake. Tulipofika kwenye gari hakulia. Alifunga mkanda akasema, “Usimwambie Nekesa mpaka amalize mitihani yake.”

Barua ya kuitwa Houston kwa mahojiano ilikuja yeye akiwa ameshaanza kulala kutwa. Tulikuwa tumepangana zamu pale nyumbani kwake, mimi, Nekesa na kina mama wa kanisa. Nilimpelekea ugali laini na mchuzi ambao hakuula, nikamwambia kwamba nimepata barua lakini nitawaandikia, sitaweza kwenda.

Alifumbua macho. “Kwa nini?”

“Nikuache hivi?”

“Unaniacha na mtoto wangu. Unaniacha na wamama wa kanisa, ambao wanaimba kwa sauti mbaya lakini wanaimba.” Alipumzika kidogo, maana maneno yalikuwa yakimchosha. “Wakio, usinifanye mimi kuwa kisingizio chako. Mimi nimekuwa na visingizio vya kutosha vya kwangu. Nilikuwa nangoja barabara iwe tupu ndiyo nivuke. Barabara ya Dallas haiwi tupu. Nenda.”

Nikaenda. Nilitoka alfajiri, peke yangu, nimechapisha ramani kwenye karatasi kama tulivyokuwa tukifanya enzi zile, nikashika barabara ya kwenda kusini. Mahali fulani katikati ya safari misonobari inaanza kusimama pande zote mbili, mirefu na minyamavu, na hapo ndipo nilipolia mpaka nikalazimika kuegesha gari kwenye kituo cha mafuta. Nilinawa uso msalani. Mwanamke mmoja aliyekuwa akipiga deki aliniuliza kama niko salama, nikamwambia niko salama. Nilipofika Houston joto lilinipokea mlangoni pa gari, joto la unyevu kama la Mombasa, blauzi yangu ikanata mgongoni kabla sijafika jengo lenyewe.

Aliyenihoji alikuwa mwanamke ambaye angeweza kuwa mdogo wangu wa mwisho. Alinikaribisha vizuri, akatazama karatasi zake, akauliza, “Kwa nini sasa? Kwa nini hukuja miaka kumi na mitano iliyopita?”

Zamani ningejibu kwa “ingawa.” Nikasema, “Miaka kumi na mitano iliyopita nisingekuwa na swali. Leo ninalo.” Nikamweleza habari za bibi na sahani. Nikamwambia kwamba nataka kujua namna ya kuendesha nyumba ambayo mzee anapewa muda wa kuomba kabla ya kula na bado wahudumu wakalipwa.

Aliweka kalamu chini. Kisha akaniuliza, “Darasani utakaa na vijana. Wengine watajua mambo haya kukuzidi. Itakuwaje?”

“Madaktari wanaoniamuru kila siku ni vijana,” nikamjibu. “Wananizidi kwa mengi. Na mimi nimewashika mkono wengi wao mara ya kwanza walipomwambia mtu kwamba baba yake amekufa. Tunafundishana.”

Nilitoka pale moyo umenyooka. Nilikuwa nimesema ninachokijua, na sikuwa nimeomba radhi.

Niliendesha moja kwa moja mpaka Carrollton. Perpetua alikuwa macho. Alitaka kujua kila kitu, jengo lilikuwaje, yule mwanamke alivaa nini, aliuliza nini, nami nikajibu nini. Nilipofika pale pa kalamu kuwekwa chini alinishika kifundo cha mkono. “Watakuchukua,” alisema. “Hao watakuchukua.” Alitabasamu na meno yote, kama mtu aliyefaulu yeye. Nekesa alikuwa amesimama mlangoni, na sote wawili tulijua kwamba hatutaona tena tabasamu kama lile.

Alifariki baada ya siku chache, mchana, watu wakiimba. Nyumba ile ilijaa. Wabukusu wa Dallas walikuja, Wakenya wa kila kabila, na Wakongomani wa Vickery Meadow waliokuja kwa sababu alikuwa akiwapeleka kina mama wao hospitali bila kuulizwa. Hao waliimba sauti nne, sauti za kanisa za kwao, mpaka hata wamama wetu walinyamaza kuwasikiliza. Tulimsindikiza mpaka uwanja wa ndege, akarudi Bungoma kwa mama yake, ambaye alikuwa hai bado katika nyumba aliyojengewa.

Majibu ya Houston yalikuja baada ya hapo. Barua fupi, ya adabu. Waombaji walikuwa wengi na wazuri, na kwa masikitiko hawakuweza kunipa nafasi.

Nisikilize vizuri hapa, mwanangu, maana hapa ndipo wazee wengine huruka. Nilifanya kila nilichofundishwa. Nilisema kweli, sikujificha, nilivuka barabara. Na mlango haukufunguka. Wala sikulia kwa sababu ya shule. Nililia kwa sababu sikuwa na wa kumwambia. Na tena kwa sababu yeye alikufa akiamini kwamba watanichukua. Mpaka leo sijui niliite hilo rehema au niliite nini. Nyambu aliniambia nimshukuru Mungu kwamba hakuisoma barua ile. Nilimjibu kwamba kama angeisoma, akaikunja kama ile insha na kuniambia nianze upya, ningekuwa na nafuu kuliko ilivyokuwa.

Nilikaa mwaka mzima bila kugusa kitu. Nilikwenda kazini, nilirudi, nilipika. Wahenga wana neno, heri kufa macho kuliko kufa moyo, na mimi macho yalikuwa mazima. Aliyenitoa pale ni Nyambu, mume yuleyule aliyeuliza uuguzi na biashara wapi na wapi. Jioni moja alirudi kutoka ghalani, akavua viatu, akaniambia, “Mama, kuna shule hapahapa Dallas ina masomo ya jioni. Nimeuliza. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.” Mtu asiyependa methali, yule, na sijui aliiokota wapi.

Niliomba tena. Wakanichukua.

Siku ya kwanza nilifika mapema mno. Nilikaa safu ya tatu, nikapanga kalamu. Vijana wakaingia, mmoja akadhani mimi ni mwalimu akanisalimu kwa heshima, tukacheka. Tulipopewa mapumziko, nilitoka nje kwenye korido, nikachukua simu yangu, na vidole vyangu vikabonyeza namba ya nyumbani kwa Perpetua kabla kichwa hakijavizuia. Vilikuwa vimezoea. Simu ikaita. Nekesa akapokea, akaisikia sauti yangu.

“Mum hayuko, Auntie,” alisema.

Alisema kwa mazoea, kama alivyokuwa akiniambia miaka yote mama yake alipokuwa zamu. Kisha akasikia alichokisema. Tulibaki tumeshika simu wote wawili, yeye Carrollton na mimi kwenye ile korido, vijana wakipita na vikombe vyao vya kahawa. Sikuweza kusema kwamba nimeanza shule. Nadhani alijua. Nilimsikia akipumua, naye alinisikia, mpaka darasa likarudi ndani nami nikalazimika kwenda.

Nilimaliza masomo yale. Nilikuja kuwa msimamizi wa nyumba ya wazee, si kubwa, na muda wa chakula niliupanga mimi. Siwezi kukuambia kwamba furaha ilifunika msiba. Haikufunika. Vimekaa pamoja ndani yangu kama wapangaji wawili wasiosemeshana, na nimezoea kuwapikia wote wawili.

Sasa nikupe niliyokuitia. Umeniambia una miaka thelathini na minane, umechoka na kazi unayoifanya, unataka kusoma kitu kingine, na unaona aibu. Aibu ya nini? Ukienda kuomba nafasi, usiingie ukiwa umeinamisha kichwa kwa sababu ya miaka yako. Miaka hiyo ndiyo uliyonayo, na kijana wa benki hana. Iweke mbele. Lakini usiibebe kama kombe la ushindi pia, maana wapo watakaokuzidi na ni wadogo. Ukubali wakufundishe.

Chunguza sababu zako nzuri. Wazazi wana haki yao, watoto wana haki yao, hilo sikukatazi, na Perpetua hakukosea kumjengea mama yake. Ila usingoje siku ambayo hakuna anayekuhitaji. Siku hiyo ikifika utakuwa umelala chali, na watu wanakuimbia.

Na jambo la mwisho, ambalo ni chungu. Unaweza kufanya sawasawa kila kitu na bado ukakataliwa. Usiseme basi ile kweli niliyoisema ilikuwa bure. Kweli haifungui kila mlango, lakini ukikataliwa umesema kweli, unajua aliyekataliwa ni nani, na huyo unaweza kumwinua mkaenda naye mlango mwingine. Tena umtafute wa kumwambia, liwe jema au baya, na umwambie angali anasikia.

Mungu wa baba zetu akutangulie, mwanangu. Akupe kichwa chepesi cha kujifunza na shingo ngumu ya kutokata tamaa. Akuzungushie watu watakaokukemea kwa upendo, na akuachie watu hao miaka mingi, mingi kuliko aliyoniachia mimi. Ukilia, usilie peke yako. Ukifaulu, simu yako ipokewe. Amina.